Mashine Iliyowekwa kwa Jina Langu

Kijana wa dirishani, pale ofisi ya mapato, alikigeuza kioo cha kompyuta upande wangu ili nijisomee mwenyewe. Majina yalikuwa yangu, yote matatu, bila kukosewa herufi. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yangu. Chini yake paliandikwa biashara ambayo sikuwahi kuifanya hata siku moja: kusaga nafaka, Bonga.

"Una mashine ya kusaga, dada," alisema kwa upole wa mtu aliyezoea kuwapa watu habari mbaya. "Na tangu uifungue hujaleta ritani ya kodi hata moja."

Nilicheka. Mimi hofu huniingia kwa kicheko, ndipo baadaye hushuka tumboni.

"Mimi nauza dawa," nilimwambia. "Nauza kwenye duka la mtu. Nimekuja kuomba hati ya kodi ili nipate leseni ya duka langu mwenyewe."

"Hati haitatoka. Mfumo unakudai maelezo ya miaka yote hiyo. Njoo Alhamisi, umwone Mama Mwanne, chumba cha mwisho kule."

"Nisipokuja?"

"Tutakuja sisi," akasema, na yeye pia akacheka. Alikuwa anatania tu, kijana wa watu. Lakini utani ule nilitoka nao nje, nikavuka nao barabara, nikapanda nao bodaboda.

Sikuwa msichana mdogo. Nilikuwa mtu mzima niliyesomea kazi ya dawa, nimesimama nyuma ya kaunta za wengine mpaka miguu ikaota mishipa. Kule Mutuka nilikuwa nimeshapata chumba cha barabarani. Fundi alikuwa amemaliza kupigilia rafu, na mimi mwenyewe nilizipaka rangi nyeupe, vidole vikabaki na madoa wiki nzima. Mwenye nyumba, Edward, alikuwa muungwana lakini hakuwa mjinga. Alinipa hadi mwisho wa mwezi niwe na leseni, la sivyo chumba angempa kinyozi mmoja ambaye kila jioni alipita kukichungulia. Bila hati hakuna leseni, na bila leseni hakuna duka. Nililitaka duka lile kama mtu anavyotaka maji, sioni haya kusema hivyo.

Sikurudi kazini siku ile. Nilimwambia dereva wa bodaboda anipeleke Bonga, kwa baba.

Nilimkuta uani anapura mbaazi. Baba yangu, Kasimiri, alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Tangu mama yetu Bernadina afariki, nikiwa bado sekondari, maneno yenyewe yalizidi kupungua, akawa anayatoa kama chumvi, kwa ncha za vidole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona saa hizi?"

"Baba, mimi nina mashine ya kusaga?"

Fimbo ya kupuria ilibaki hewani. Akaishusha taratibu, akatazama barabarani, kisha akanitazama mimi.

"Wamejuaje?"

Hakuuliza mashine gani. Hakuuliza nani kaniambia. Aliuliza wamejuaje, na hapo nikakaa juu ya gunia la mbaazi.

Inabidi nieleze jambo moja la watu wa kwetu, maana bila hilo baba ataonekana mwizi. Mtu wa kwetu mwenye ng'ombe kumi haonekani na ng'ombe kumi. Wawili watakuwa zizini kwake, watatu kwa rafiki yake Dareda, mmoja kwa shemeji, wengine wanajulikana na yeye na Mungu wake. Maradhi yakiingia zizi moja hayamalizi wote. Mwizi akija hapati wote. Na jicho la jirani linakosa cha kuhesabu. Yule anayewekewa ng'ombe hukamua maziwa, hupata samadi, na hunyamaza. Haulizi maswali, kwa sababu kuwekewa ni heshima. Umeambiwa kwamba wewe ni mtu wa kuaminika. Ng'ombe akifa, humpelekea mwenyewe ngozi, ili ijulikane kwamba kweli amekufa na hakuuzwa.

Basi baba alipopata mashine ya kusaga, aliifanyia kama alivyowafanyia ng'ombe. Mwaka niliomaliza kidato cha sita alinipeleka mjini, kwenye ofisi yenye mabenchi, nikaweka vidole kwenye kidude chenye mwanga, nikapigwa picha, nikatia sahihi nilipooneshwa nitie. Tulipokuwa tunarudi aliniambia neno moja tu: "Nimekuwekea kitu." Nilivimba kichwa njia nzima. Sikuuliza ni kitu gani. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu.

Mimi nikaenda chuo. Kila niliporudi likizo nilisikia mashine ikinguruma kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na mimi kama watu wote wa Bonga niliijua kuwa ni mashine ya Mzee Kasimiri. Kisha msimu mmoja nikarudi nikakuta kimya. Kranki, chuma kinachoizungusha injini, ilikuwa imekatika. Chuma kingine kiliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kibandani wakahamia mbuzi. Kwetu sisi hadithi iliishia hapo. Kumbe kule mjini mashine iliendelea kusaga kwa jina langu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyekwenda kusema kwamba imekufa.

"Kwa nini hukuandika jina lako, baba?"

Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena. Nikajua.

Nilikuwa na umri wa kushika khanga ya mama. Zilikuwa zama za kodi ya maendeleo, zile ambazo mgambo walipita alfajiri wakiuliza stakabadhi, na wanaume wazima walilala kwenye mahindi. Baba hakulala kwenye mahindi. Yeye alikuwa amelipa. Lakini stakabadhi yake ilikuwa imetafunwa na panya, na mgambo hawakutaka hadithi za panya. Walimfunga kamba mikononi, kamba ile ile ikaenda kwa mwanamume wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena, wakaongozwa kwa miguu hadi mjini. Nakumbuka mama alinifunika macho kwa khanga, na mimi nikachungulia. Baba aliporudi hakusema kitu. Tangu hapo, ukiacha daftari la kanisani, sidhani kama aliwahi kuacha jina lake mahali ambapo serikali ingeweza kulisoma.

"Utanitaja?" aliniuliza.

Mbaazi zilikuwa zimetapakaa mpaka miguuni pangu. Nilifikiria rafu zangu nyeupe kule Mutuka, nikamfikiria yeye, mzee wa umri ule, kwenye benchi la ofisi.

"Sijui, baba. Wameniita Alhamisi," nikasema. Na huo ndio ulikuwa ukweli wote niliokuwa nao.

Akaokota fimbo yake, akaendelea kupura.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Chakula kilikuwa kikipita kooni kama pumba. Gari lolote la serikali likipunguza mwendo mbele ya duka nililoajiriwa, mimi nilikuwa nimeshaingia stoo kutafuta dawa ambayo hakuna aliyeiomba. Wateja walizungumza habari zao, mimi nilisikia kodi tu. Mmoja alisimulia juu ya mfanyabiashara wa mji mwingine aliyetiwa kufuli dukani; mwingine akasema huyo ana nafuu, yupo aliyelala ndani. Hakuna aliyejua majina yao. Hofu haihitaji majina.

Edda, niliyekuwa nikiuza naye pale dukani, aliniminya hadi nikamwambia. Alikuwa mwanamke wa moyo mwema na ushauri wa hatari.

"Wewe Josephine unajitesa bure," alisema huku akipanga chupa za dawa ya kikohozi. "Wapo vishoka pale nje ya ofisi, unampa mtu kidogo, anaongea na watu wake, kila kitu kinafutika."

"Kisipofutika?"

"Basi sema mwenye mashine alishakufa. Marehemu hadaiwi maelezo. Utasema ni mzee fulani, alitumia jina lako bila wewe kujua, Mungu amlaze pema. Nani atakwenda Bonga kufukua kaburi?"

Usiku ule neno lake lilinirudia mara nyingi, na kila liliporudi lilikuwa jepesi zaidi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kufuli na kuliko jela. Nilikuwa nimelala pale nikimuua baba yangu kwa maneno, taratibu, ili nipate kuuza dawa. Na jambo kama hilo kwetu halisemwi hata kwa mzaha. Ukimtamkia mtu aliye hai kifo umemwitia.

Kulipokucha Jumatano nilikuwa nimekata shauri. Ningesema mashine ni yangu. Ningebeba faini yote, hata kama ingenichukua maisha kuilipa, na jina la baba lisingetoka kinywani mwangu. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda Bonga kumwambia, ili apate usingizi.

Mlango ulikuwa na kufuli. Mbaazi zilikuwa zimefunikwa kwa turubai na mawe juu yake, kama mtu anayesafiri. Jirani yake, Marietha, alikuwa anaanika mahindi.

"Ametoka alfajiri, ana kiroba mgongoni," aliniambia. "Nimemwuliza, Mzee Kasimiri, wapi hiyo? Akasema anakwenda kumaliza jambo."

"Jambo gani?"

"Baba yako huyo. Unamjua. Nilidhani wewe ndiye unajua."

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Kwenye mwimo wa kibanda kulikuwa na msumari uliotundikiwa kamba ya ng'ombe tangu utoto wangu. Msumari ulikuwa mtupu.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kwanza kisimani, nikainama nikatazama maji mpaka yalipotulia. Kisha nikatazama miti ya nyuma ya shamba, mmoja mmoja, juu kabla ya chini. Nikarudi kibandani, mbuzi wakanishangaa. Simu yake haikupatikana. Marietha aliponiona nazunguka hivyo aliacha mahindi yake, akaita watu, tukatafuta korongoni na kwenye mahindi makavu mpaka giza likatuzuia. Kila mtu alisema labda amekwenda kusalimia ndugu. Hakuna aliyetaja kamba, kwa sababu sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikiitamka itakuwa kweli.

Nililala kwa Marietha, kama kule ni kulala. Asubuhi nilinawa uso nikaenda ofisi ya mapato. Mtu anaweza kuuliza mtoto gani huyo, baba hajulikani alipo naye anakimbilia kodi. Lakini nilijiambia hivi: nikiandika kwamba mashine ni yangu, mambo yakaisha, basi popote alipo, kama bado yupo, hana tena cha kukimbia. Sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Mama Mwanne alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenyeji wa Kondoa, amejifunga ushungi wa bluu. Alinionesha kiti. Hakunikaripia, na hilo lilinizidishia hofu, maana nilikuwa nimejiandaa kwa karipio.

"Mashine ni yako?"

"Ni yangu."

"Ilikuwa ya umeme au ya dizeli?"

"Dizeli," nikabahatisha, nikikumbuka mngurumo.

"Ulikuwa unatoza kiasi gani kwa debe?"

Nikatazama kalamu yake.

"Ilisimama lini?"

"Zamani kidogo."

Aliweka kalamu chini. "Dada, nimekaa na wafanyabiashara miaka mingi. Hakuna asiyekumbuka siku mashine yake ilipokufa. Ukiniandikia uongo hapa, kosa dogo litakuwa kubwa. Mashine hii ni ya nani?"

Nilifungua mdomo. Jina la baba lilikuwa pale mbele ya ulimi, na pembeni yake lilikuwa lile neno la Edda, marehemu, na sikujua tena kama ningedanganya au ningesema kweli. Ndipo nilipoanza kulia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, mpaka yule kijana wa dirishani akaja kuchungulia.

Na nyuma ya yule kijana, mtu akasema, "Hodi."

Alikuwa baba. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Vumbi lilimfika magotini. Mgongoni alikuwa na kiroba, kimefungwa kwa kamba ya ng'ombe, na pembeni yake alisimama Mzee Elibariki wa Dareda, rafiki yake wa tangu ujana, yule mwenye ng'ombe wa baba zizini kwake. Niliinuka nikakaa, nikainuka tena. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga.

"Shikamooni," alisema Mama Mwanne, akisimama kwa ajili ya mvi zao.

"Marahaba mwanangu." Baba akafungua kamba, akakiweka kiroba juu ya meza, akakikunjua. Ndani kulikuwa na kranki, nyeusi, nzito, imekatika katikati, ikiwa bado na mafuta yaliyoganda. Karatasi za Mama Mwanne zilipata doa, naye hakuziondoa.

"Hii ndiyo ngozi yake," alisema baba.

Mama Mwanne aliigusa kranki kwa ncha ya kalamu. "Mzee, sijakuelewa."

"Mashine ilikuwa yangu. Huyu binti niliiweka kwake, yaani nilimwekea, kama ng'ombe." Maneno yalikuwa yanagongana, sijawahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa mpigo. "Hakuila. Hakukamua hata tone. Imekufa, na mimi sikuleta ngozi kwa wenyewe. Kosa ni la mimi. Na shahidi ni huyu."

"Ni kweli," alisema Mzee Elibariki, kwa ile lafudhi yake nzito ya Mbulu. "Ilikatika mahindi yangu yakiwa ndani. Msimu ule wa mvua nyingi, daraja lilipokatika. Nilirudi nyumbani na nusu unga, nusu chenga. Mke wangu alinicheka mpaka leo anacheka."

Kumbe jana yake baba alikuwa amekwenda Dareda kumfuata shahidi. Kwa hesabu za kwetu, mtu hasimami kwenye shauri la mali bila aliyeona kwa macho. Hakuniaga, kwa sababu hakuwahi kumuaga mtu.

Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau hadi leo. Alipiga hatua mbele, akaiokota ile kamba aliyofungia kiroba, akaiweka mezani mbele ya Mama Mwanne. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vifundo vya mikono vimegusana.

"Mniache niage tu," alisema.

Mama Mwanne alizunguka meza. Aliishika mikono ile kwa mikono yake, akaishusha.

"Mzee wangu, kaa," alisema. "Hapa hatufungi mtu kamba. Nani alikuambia hivyo?"

Baba alikaa. Sidhani kama alimwamini. Alikaa ukingoni mwa kiti, mtu wa kusimama wakati wowote.

Mama Mwanne alianza kueleza, na alieleza polepole, akimtazama baba na siyo mimi. Kwanza, kranki haikubaliki. Angetaka barua ya mtendaji wa kijiji inayosema mashine ilisimama mwaka gani. Pili, kwa sheria mwenye jina ndiye mwenye biashara, kwa hiyo mdaiwa ni mimi, hata mashahidi wakijaa uwanja. Tatu, ile miaka mashine ilipokuwa inasaga, tungekaa na baba tukadirie ilichopata, na faini yake tungeweza kuiombea punguzo na kuilipa kwa mafungu. Mimi nilisikia faini. Baba alisikia jambo jingine.

"Na hii miaka ya baadaye?" aliuliza. "Ambayo haikuwepo?"

"Hiyo nayo ilitakiwa iletewe ritani."

"Ya nini, mama? Hakuna kitu."

"Ndiyo. Mnaandika hakuna kitu. Mnaweka sifuri, mnaileta."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mpaka mje kuifunga rasmi."

Baba aliinama, akatafakari kwa uso wa mtu anayehesabu mbali. "Asiye na kitu naye anakuja kusema hana kitu."

"Anasema. Ukinyamaza, mzee, mimi hapa sijui kama huna au umeficha. Nabaki nakuwazia mabaya."

"Hilo sikulijua," alisema baba. Akarudia, kwa sauti ndogo, "Hilo sikulijua kabisa."

Haikuisha siku ile, na haikuisha vizuri kama watu wanavyopenda hadithi ziishe. Barua ya mtendaji ilichukua muda, mfumo ulikuwa unakatika, na mwisho wa mwezi ulifika kabla ya hati. Edward alinipigia kwa masikitiko ya kweli, akampa chumba kinyozi. Nilipita pale siku moja nikaona vioo vimetundikwa kwenye rafu zangu nyeupe, nikageuza uso. Baba aliwarudisha ng'ombe wake wawili kutoka Dareda, mchana, barabara kuu, kila mtu akiwaona, akawauza kwa ajili ya faini bila kuniuliza. Nilipogomba aliniambia nikae kimya, ni ng'ombe wake aliyekufa, siyo wangu.

Hati ilitoka mvua za kwanza zilipoanza. Nilipata chumba kingine, Singe, kidogo kuliko kile cha kwanza na chenye bati linalovuja upande mmoja, nikafungua duka. Hofu haikuondoka, ila ilipungua kimo. Kila ifikapo wakati wa ritani mimi huenda mapema, siku ambazo ofisini hakuna foleni.

Mwaka ule ule baba alianza kunipigia simu. Huyu ni mtu ambaye simu yake ilikaa mfukoni miaka kama jiwe. Ukimpigia alipokea, akasikiliza, akakata. Sasa ikawa kila Jumapili, akitoka misa ya kwanza.

"Josephine."

"Abee, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nakuambia tu kwamba hakuna neno."

"Hakuna neno?"

"Hakuna. Nimelala, nimeamka, mbuzi wazima. Hakuna neno." Na anakata.

Mara ya kwanza nilipata wasiwasi nikadhani kuna linalofichwa. Mara ya tatu nilimwuliza kwa nini anamaliza vocha kuniambia kwamba hakuna la kuniambia. Nilisikia watu wakisalimiana nje ya kanisa.

"Si alisema yule mama wa kodi," alinijibu. "Mtu akinyamaza, unabaki unamwazia mabaya. Siku ile ya kiroba Marietha aliniambia ulichungulia kisima."

Nilisema ahsante, naye akakata.

Hatukuwahi kulizungumza tena. Ila Jumapili zote zilizofuata, za kiangazi na za masika, mteja akiwepo na asipokuwepo, simu ililia na sauti ile kavu ikatoa maelezo yake. Hakuna neno. Safari moja aliongeza kwamba mbaazi zimekubali. Safari nyingine, kwamba amemwota mama, na kwamba katika ndoto alikuwa mzima. Nilizizoea kiasi kwamba niliacha kuzisubiri.

Kisha ikaja Jumapili moja ya masika. Mama mmoja aliingia na mtoto mwenye homa. Nilimpima, nikampa dawa, nikamwelekeza asubuhi na jioni baada ya chakula, nikamwandikia risiti yake. Alipotoka niliitazama simu. Misa ya kwanza ilikuwa imekwisha zamani. Niliwasikia watu wa misa ya pili wakipita nje, na miavuli yao, wakizungumza. Niliiinua simu nikaona ina chaji, ina mtandao, nikairudisha kwenye kaunta.

Sikumpigia. Nilifunga duka, nikaita bodaboda ya Bonga.